Namba 180: majina yetu yalibadilika, namba ikabaki



Kuna orodha ya nchi zote za dunia ambayo mashine za benki, za uwanja wa ndege na za mpaka zinaitumia kila siku. Ndani yake kila nchi ina herufi zake na namba yake. Rwanda ni 646. Burundi ni 108. Tanzania ni 834. Sisi ni 180. Tulikuwa 180 wakati wa Zaire, na baada ya tarehe 17 Mei 1997, nchi ilipoitwa tena Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, tulibaki 180. Herufi ndizo zilizobadilika: ZR ikawa CD, na ZAR ikawa COD, zile herufi tatu unazoziona ndani ya paspoti. Namba haikuguswa.

Hilo halikutokea kwa bahati. Kuna watu ambao kazi yao ni kusafisha orodha bila kumpoteza mtu aliyeandikwa ndani yake. Leo naeleza historia ya kazi hiyo, kwa sababu inatugusa. Familia iliyokimbia inaandikwa mara nyingi kuliko familia iliyo kwake: parokiani, shuleni, kwa shefu wa avenyu, kwa wanaogawa unga na mafuta. Kila mara jina lako, kijiji chako na namba fulani vinaingia ndani ya karatasi au ndani ya ordinatere. Orodha ikisafishwa vibaya, mtu anaweza kugeuzwa kuwa mtu mwingine bila yeye kujua.

Lugha iliyozaliwa mwaka wa majina mapya

Tarehe 27 Oktoba 1971 Mobutu alitangaza kwamba Congo sasa ni Zaire. Nchi, mto na pesa vikawa na jina moja. Mwanzoni mwa mwaka 1972 akaacha jina lake la Joseph-Désiré, na raia wote wakatakiwa waache majina ya kizungu na kuchukua ya mababu. Wazee wetu wanaikumbuka siku Jean na Marie walipotoka ndani ya karatasi na majina mengine kuingia.

Mwaka huohuo wa 1972, mbali sana, ndani ya maabara ya kampuni ya Bell huko New Jersey, Marekani, mtu aitwaye Dennis Ritchie alikuwa anaunda lugha ya kuandikia programu. Aliiita C. Mambo haya mawili hayana uhusiano, lakini lugha hiyo ilikutana na tatizo lilelile ambalo karatasi zetu zilikutana nalo: jina na kitu chake vinashikamana namna gani, na jina likibadilika inakuwaje?

Mashine haijui majina, inajua namba tu. Mwandishi wa programu akitaka kusema mlango umefungwa anaweza kuweka 0, na mlango umefunguliwa akaweka 1. Siku ile anakumbuka. Baada ya miaka miwili mwenzake anafungua programu hiyo, anakuta 0 na 1 zimetawanyika kila mahali, na hajui ipi ni ya mlango na ipi ni ya dirisha. Ndiyo maana lugha ya C ilitoa njia ya kuipa namba jina. Njia moja, iliyopatikana mapema, ni kuandika juu kabisa ya programu kwamba jina fulani lina thamani fulani. Njia ya pili iliingia baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, na ikawa ndani ya kanuni rasmi ya lugha hiyo mwaka 1989. Neno lake ni enum. Unaandika majina kwa mfuatano, na kama hukusema lolote zaidi, mashine yenyewe inayapa namba: la kwanza 0, la pili 1, la tatu 2, hivyo hivyo hadi mwisho. Ni kama mwalimu anayehesabu watoto waliopanga mstari asubuhi.

Namba hizo zenye majina zinaitwa thabiti, maana programu ikishaanza kufanya kazi haziruhusiwi kubadilika. Lakini mwenye kuandika programu anaweza kurudi kesho na kuigeuza orodha. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Mtoto mpya akiingizwa katikati ya mstari, wote walio nyuma yake wanabadilika namba. Ikiwa mwalimu aliandika jana kwamba mtoto namba 10 ana malaria, leo dawa inakwenda kwa mwingine.

Majimbo yetu ndani ya mstari

Tuchukue mfano wa kwetu, tuuhesabu pamoja.

Siku ya uhuru, mwaka 1960, Congo ilikuwa na majimbo 6, na Bukavu ilikuwa makao makuu ya jimbo la Kivu. Muda si mrefu majimbo yakapasuliwa hadi 21, kisha mwaka 1966 yakaunganishwa tena. Mwaka 1988 Kivu ikagawanywa mara tatu: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Tukifuata majina ya Kifaransa kwa alfabeti, na kuhesabu Kinshasa pia, wakati huo orodha ilikuwa na majina 11: Bandundu, Bas-Congo, Équateur, Kasaï-Occidental, Kasaï-Oriental, Katanga, Kinshasa, Maniema, Nord-Kivu, Orientale, Sud-Kivu. (Wakati wa Zaire baadhi yake yalikuwa na majina mengine. Katanga, kwa mfano, iliitwa Shaba hadi 1997.)

Sasa fikiria programu iliyoandikwa kwa C mwaka 2010, yenye orodha hiyo ya enum. Bandundu inapata 0. Kivu Kusini, ya mwisho, inapata 10. Mama mmoja wa Kalehe anaandikishwa. Ndani ya kumbukumbu ya mashine halibaki neno Sud-Kivu. Inabaki 10.

Mwaka 2015 Katiba ya mwaka 2006 ikatekelezwa na majimbo yakawa 26. Mwandishi wa programu, mtu mwenye nia njema, anataka orodha yake iwe safi. Anafuta majina 11 ya zamani na kupanga 26 mapya kwa alfabeti: Bas-Uele 0, Équateur 1, Haut-Katanga 2, na kuendelea. Orodha inapendeza. Kivu Kusini sasa ni 21. Na 10 ni nani? Ukihesabu utakuta ni Kongo-Central, jimbo la Matadi na Boma, kando ya bahari ya Atlantiki. Wa Kivu Kaskazini, waliokuwa 8, wamekuwa watu wa Kasaï-Oriental.

Yule mama wa Kalehe hakuondoka alipokuwa. Mashine haikulalamika, maana kwake 10 ni namba halali. Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Siku msaada wa waliokimbia Kivu Kusini unapotolewa, jina lake halionekani, na mtu wa mezani anamwambia kwa upole kwamba hayumo.

Programu hiyo ni mfano wangu, lakini mwendo wa hesabu ndio huo, na kila fundi wa lugha ya C anaujua.

Mambo matatu yanayofanana na siyo sawa

Mabadiliko ya mwaka 2015 yanatufundisha kwamba kuna namna tatu za kubadilika, na kila moja inataka dawa yake.

Ya kwanza ni jina jipya kwa ardhi ileile. Bas-Congo iliitwa Kongo-Central, lakini mipaka haikuguswa. Hapo namba inabaki ile ya zamani, na jina jipya linaandikwa mbele yake. Lugha ya C inaruhusu majina mawili kuwa na namba moja, kwa hiyo jina la zamani linaweza kuachwa kwa muda kama mlango wa nyuma, ili programu za zamani zisikwame.

Ya pili ni kitu kilichokufa. Katanga haipo tena kama jimbo moja, ikawa Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Hapo namba ya Katanga inafungwa, na haipewi mwingine. Majimbo manne mapya yanapata namba mpya mwishoni mwa mstari.

Ya tatu ndiyo hatari kuliko zote, nayo ni jina lilelile kwa kitu kingine. Équateur ya leo ni kipande cha Équateur ya zamani, kwa sababu Mongala, Nord-Ubangi, Sud-Ubangi na Tshuapa zilitoka ndani yake. Aliyesoma Équateur katika karatasi ya mwaka 2000 na katika karatasi ya mwaka 2020 anaona neno moja, lakini ni ardhi mbili tofauti. Hapo hata jina likibaki, namba inatakiwa kuwa mpya.

Wanaotunza orodha ya nchi za dunia wanafanya hivyohivyo. Namba zinatoka katika ofisi ya takwimu ya Umoja wa Mataifa. Zaire ilipogeuka Congo, ardhi ilikuwa ileile, kwa hiyo 180 ilibaki. Lakini Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, Ethiopia ilitoka 230 ikawa 231, ingawa jina lake halikubadilika. Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 ilipewa 728, na Sudan iliyobaki ikatoka 736 ikawa 729. Anayesoma takwimu za zamani anajua mara moja kwamba 736 ni Sudan nzima, kabla ya kugawanyika.

Jina la Zaire nalo halikutupwa. Kuna orodha ya pembeni ya nchi zilizobadilisha jina au zilizokufa, na huko Zaire imeandikwa ZRCD: ilikuwa ZR, ikawa CD. Anayekuta ZR katika faili la mwaka 1985 ana mahali pa kuuliza. Katika anwani za intaneti, .cd ilianza mwaka 1997, na .zr ikafutwa mwaka 2001. Hawakuzima moja siku ileile waliyowasha nyingine.

Hata hao waliwahi kuteleza. Herufi CS zilikuwa za Czechoslovakia, nchi iliyogawanyika mwaka 1993. Mwaka 2003 herufi hizohizo zikapewa Serbia na Montenegro. Miaka kumi tu ilikuwa imepita, na kumbukumbu nyingi bado zilikuwa na CS ya zamani. Malalamiko yalikuwa mengi, na baadaye muda wa kusubiri kabla ya kutumia tena herufi zilizoachwa ukaongezwa hadi miaka 50.

ZAR mbili na faranga mbili

Kuna tatizo jingine ambalo lugha ya C inalijua vizuri. Majina yote ya enum yanakaa ndani ya nyumba moja. Ukiwa na orodha mbili, moja ya nchi na moja ya pesa, na zote mbili zina jina ZAR, mashine inakataa. Na kweli zilikuwapo: katika orodha ya nchi ZAR ilikuwa Zaire, na katika orodha ya pesa ZAR ni randi ya Afrika Kusini hadi leo. Ndiyo maana mafundi wanaongeza neno mbele, NCHI_ZAR na PESA_ZAR, kama sisi tunavyosema Mama Furaha wa Bagira na Mama Furaha wa Panzi.

Pesa zetu zenyewe ni somo. Mwaka 1967 faranga ya Congo iliondoka na zaire ikaingia, zaire moja kwa faranga 1,000. Ndani ya zaire kulikuwa na makuta 100. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 faranga ikarudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ya mwaka 1998 ilichukua nafasi ya zaire za zamani bilioni 300. Faranga ya 1965 na faranga ya 1998 zina jina moja, lakini ni vitu viwili visivyokaribiana hata kidogo. Kwa mashine, zaire ilikuwa ZRZ, zaire mpya ZRN, na faranga ya sasa ni CDF, namba 976. Hakuna iliyovaa nguo ya mwenzake.

Na sisi raia? Katika soko la Kadutu bado utasikia mtu akisema hana makuta. Makuta ilikufa zamani, lakini kila mtu anaelewa. Watu wanajua kuishi na majina mawili ya kitu kimoja. Mashine haijui, isipokuwa aliyeiandika ameieleza.

Simu iliyo mfukoni mwako

Usifikiri haya ni mambo ya zamani tu. Simu nyingi tunazotumia hapa, zile za Android, zina ndani yake Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991 na kuandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha ya C. Ndani ya Linux kuna orodha ya makosa. Kosa namba 2 maana yake faili unalotafuta halipo. Lilikuwa namba 2 katika Unix ya miaka ya 1970, na leo bado ni namba 2. Wanaotunza Linux wanasafisha kila mwaka: wanatoa namba zilizotawanyika bila jina, wanaunganisha orodha zilizoandikwa mara mbili, wanafuta majina ambayo hakuna anayeyaita. Lakini namba ambayo programu za nje tayari zinaitumia, hawaigusi. Wanaongeza mpya mwishoni.

Kwa wanaoandika na kwa wanaoandikwa

Turudi nyumbani. Mtu aliyezaliwa Kadutu mwaka 1985 ana karatasi inayosema Jamhuri ya Zaire, mkoa wa Kivu, zone ya Kadutu. Leo tunasema Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, jimbo la Kivu Kusini, komine ya Kadutu. Maneno matatu yamebadilika na kilima ni kilekile. Mzee aliyezaliwa hapa mwaka 1940 amezaliwa Costermansville, katika jimbo lililoitwa pia Costermansville. Jimbo likawa Kivu mwaka 1947, na mji ukaitwa Bukavu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huyo mzee hakusema uongo kuhusu mahali alipozaliwa, na mtoto wake wa 1985 hakusema uongo. Anayelinganisha karatasi zao bila kujua historia hii anaweza kuwaona kama watu wa nchi tofauti, au wadanganyifu.

Kwa hiyo, kwenu mnaoshika daftari na ordinatere, katika kamati, mashule, makanisa na mashirika:

Msibadilishe maana ya namba iliyokwisha kutolewa. Kama namba 47 ilikuwa ya familia iliyorudi Minova, ifungeni, na familia mpya ipewe namba ya mwishoni. Kijiji kikibadilisha jina, andikeni jipya na kuacha la zamani pembeni, pamoja na mwaka. Andikeni mahali pamoja kila namba ina maana gani, ili anayekuja baada yenu asibahatishe. Kabla ya kufuta jina, ulizeni kwanza kama kuna karatasi bado inaliita. Na mkipanga orodha upya kwa alfabeti, panganeni kwa macho ya msomaji tu, namba za ndani ziacheni zilivyo.

Kwenu mnaoandikwa: tunzeni karatasi za zamani, hata zenye jina la Zaire, hata kadi ya mchaguzi ya mwaka 2006 iliyofifia. Mnapojiandikisha, semeni jina la kijiji kama linavyotamkwa leo na kama lilivyoandikwa zamani. Ukipewa kadi mpya, usikubali ya zamani ichukuliwe kabla hujaona namba zote mbili zimeandikwa pamoja. Na ukiambiwa humo ndani ya orodha, uliza kwa heshima: orodha hii ni ya mwaka gani, na kabla ya hii kulikuwa na ipi?

Swali hilo linaweza kumfanya mtu wa mezani afungue daftari la pili. Mara nyingi jina lako liko huko, likisubiri mtu alisome kwa namba yake ya zamani.